Mke Mwenzangu Alimfuta Mume Wetu

Jamani... mke mwenzangu alimfuta mume wetu saa nne asubuhi, mbele ya macho yangu, kwa kubonyeza kitufe kimoja!

Msinirukie. Mke mwenza ninayemsema ni mjukuu wangu, mtu mzima, mtaalamu wa kompyuta ofisini. Tangu azaliwe tunagombania babu yake kwa utani. Babu mwenyewe ana miaka sita kaburini.

Alikuwa mshona viatu na mpiga gitaa. Picha hataki! Kamera ikitokea, anainama kutafuta sindano. Alinaswa mara moja tu, siku aliporekodi nyimbo zake kumi na nne: shati la mistari, kifungo cha pili kimekatika, penseli sikioni. Fundi wa studio akaifanya picha hiyo kava, ile inayotokea kiooni wimbo ukilia, akaiweka ndani ya kila wimbo. Picha yenyewe ya karatasi ililiwa na maji ya paa.

Kwa hiyo mume wangu kabaki humo tu. Ndani ya nyimbo.

Sasa binti yangu akaniletea redio ndogo yenye kioo. Ikazikataa nyimbo zangu, eti ni za aina nyingine. Mke mwenza akazitia kwenye kompyuta yake, akafungua lile dirisha jeusi la kuandika amri.

"Bibi, dakika mbili tu. Nazigeuza zote kwa mpigo, na za zamani zinafutika, zisijaze nafasi."

"Jaribu mmoja kwanza."

"Bibi naye! Hii si ndiyo kazi inayonilisha?"

Akabonyeza. Maandishi yakakimbia kama siafu...

Wimbo wa kwanza ukalia redioni. Sauti yake ile ile! Nikainamia kioo nimwone...

Kijivu kitupu.

Wa pili... kijivu. Wa tatu... kijivu!

"Mke mwenza, mume wetu umempeleka wapi?"

Akairudia kompyuta, akapekua.

"Bibi... picha sikuigusa mimi!"

"Nakala nyingine ipo?"

"Ilikuwa hiyo hiyo."

Mwenzenu nikazunguka meza. Nikaenda mlangoni, nikarudi. Nikafunua sufuria, nikafunika, wala sikuwa napika kitu! Yeye analia, mimi natembea.

Shule niliishia darasa la nne. Lakini nimeshona nguo za watu miaka arobaini, na mshono ukienda upande hauvutwi. Unafumuliwa, uzi kwa uzi. Nikavuta kiti.

"Nisomee ulichoandika. Neno kwa neno."

"Chukua wimbo..."

"Enhe."

"Usichukue video..."

"Simama hapo. Nyimbo za babu yako zina video?"

"Hazina, bibi. Ni mazoea tu. Kazini nachomoa sauti kwenye video za mikutano, kwa hiyo huwa naandika..."

Akashika kichwa.

"Mungu wangu! Hii programu inaihesabu kava kuwa video. Video ya picha moja! Nimeiambia mwenyewe imwache babu nje!"

"Na za zamani?"

"Zimefutika zote zilizokuwa kwenye folda."

"Na folda iliyo ndani ya folda?"

"Ipi?"

Hapo niliona aibu, wapendwa. Kuna wimbo mmoja alirudia kuurekodi, kwa sababu mara ya kwanza alikohoa katikati. Akaniambia, "Mke wangu, waambie waifute hiyo takataka." Nikaitikia, "Ndiyo, bwana." Kisha nikamnong'oneza fundi wa studio aifiche kwenye folda ya peke yake.

Nilimdanganya mume wangu! Kikohozi kile nilikipenda.

"Amri yako iliingia humo?"

"Haikuingia, bibi... Inagusa yaliyo nje tu!"

Akaifungua...

Shati la mistari. Penseli sikioni!

Safari hii alinakili kwanza. Akageuza nakala moja tu, bila yale maneno ya video. Tukakitazama kioo wote wawili, vichwa vinagongana. Alikuwepo! Ndipo akaichomoa picha na kuibandika kwenye nyimbo nyingine zote.

Wapendwa, msifute cha zamani kabla hamjakifungua kipya mkakikagua. Na msikague kwa sikio peke yake. Sauti ilikuwa nzima siku ile, na mtu hayupo.

Mke mwenza ameniomba radhi mara tisa. Mimi radhi yangu kwa bwana bado sijaitafutia maneno. Hapa ninapowaandikia, bwana yuko jikoni kwenye kile kioo cha redio, na shati lake la mistari...

Anakohoa.