Bundi Ambaye Hakulia

Kila jioni, jua likianza kuzama nyuma ya vilima vya Kabazi, Wangare alikuwa na kazi moja tu: kuwaingiza kuku kizimbani na kufunga komeo. Ni kazi fupi kuliko kuchemsha chai. Lakini jioni hiyo kulikuwa na kipindi cha runinga ambacho darasa zima lilikizungumzia, na kwao Wangare hakukuwa na runinga. Akajiambia kuku hawana haraka, akakimbilia kwa rafiki yake Joan. Aliporudi giza lilikuwa limeingia. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akala, akalala.

Asubuhi uani kulijaa manyoya. Nguchiro alikuwa ameingia kizimbani, na kuku watatu waliokaribia kuanza kutaga walibaki miguu na vichwa.

"Nani hakufunga komeo?" aliuliza Njuguna, baba yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa mazito.

Uongo ulimjia Wangare ukiwa tayari, kama mgeni aliyekuwa akingoja mlangoni. "Nilikuwa nikienda kufunga, Baba. Nikasikia bundi akilia juu ya paa la Shosho. Nikaogopa, nikarudi ndani."

Baba aliinama, akaanza kuokota manyoya. Wazee wa Kabazi wanasema bundi akilia juu ya nyumba, wenye nyumba wajiandae kwa msiba. Nani atamgombeza mtoto kwa kumwogopa ndege huyo? Wangare akapumua. Alikuwa ameponyoka.

Hakumwona Shosho mwenyewe, nyanya yake, aliyesimama kwenye mlango wa nyumba yake ndogo akiwa na kikombe cha uji mkononi. Alikuwa amesikia kila neno.

Nyanya huyo alikuwa mwanamke wa kelele. Aliwagombeza kuku, mbuzi, mvua na hata watangazaji wa redio. Siku hiyo hakumgombeza mtu. Alasiri Wangare alipompelekea maji ya kumezea dawa za presha, alimkuta akikunja nguo zake moja moja.

"Rudisha maji," nyanya alisema.

"Ni ya dawa, Shosho."

"Mimi nimeitwa. Mtu aliyeitwa hamezi dawa. Hili shali mpelekee mama yako. Na umwambie baba yako Ijumaa asiite boda boda ya kunipeleka kliniki."

Wangare alicheka akidhani ni mzaha. Nyanya hakucheka.

Kesho yake nyanya hakutoka kitandani. Kichwa kilimgonga, macho yalikuwa mekundu. Baba alimsihi, "Mama, daktari alisema usikose dawa hata siku moja."

"Daktari huyo alimsikia bundi?" nyanya alijibu, akageukia ukuta.

Shuleni siku hiyo, Mwalimu Kipngeno alifundisha kuhusu ndege wa hadithi za kale. Alieleza juu ya ndege anayejichoma moto kisha akafufuka kutoka kwenye majivu, na mwingine mkubwa kiasi cha kuwalisha makinda yake ndovu.

"Huyo akija Kabazi, ng'ombe wetu wamekwisha!" Kimutai alipiga kelele, darasa likacheka.

"Na bundi analeta nini?" mwalimu akauliza.

"Kifo!" walijibu kwa pamoja.

"Wagiriki wa kale walimchora kwenye sarafu zao. Kwao alikuwa ndege wa hekima. Sasa niambieni, ndege mmoja analetaje hekima kule na kifo huku? Au ana kazi mbili?"

Wangare hakucheka. Aliinua mkono. "Mwalimu, na kama bundi hakulia? Kama kuna mtu alisema tu kwamba amelia?"

Mwalimu alimtazama vizuri. "Basi hapo tusimtafute ndege. Tumtafute huyo mtu."

Kengele ilipolia, Wangare alikimbia bila kumngoja Joan. Akapiga magoti kando ya kitanda cha nyanya. "Shosho, hakukuwa na bundi. Nilidanganya."

Nyanya alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma Wangare kuliko kiboko. "Una moyo mzuri, mtoto wangu. Unasema hivyo ili nimeze dawa."

Uongo wake uliaminiwa mara moja, na sasa ukweli ulikuwa umekosa wa kuupokea! Ilibidi ampate mtu aliyemwona jioni ile. Lakini mtu huyo angesema yote mbele ya Baba, na Baba alikuwa amekataza kabisa mambo ya runinga siku za shule. Wangare alisita mlangoni. Akasikia nyanya akiugua. Akatimua mbio.

Mama Joan alikuwa akimenya viazi. "Mama Joan, njoo kwetu useme nilikuwa hapa juzi jioni."

"Nikuseme kwa Njuguna? Umechoka kuishi?"

"Shosho ndiye amechoka."

Mama Joan aliweka kisu chini, akafuta mikono.

Mbele ya Baba na nyanya, hakuzunguka. "Alikuwa kwangu akitazama runinga tangu jua halijazama mpaka giza. Mimi ndiye niliyemfukuza. Nilimuuliza, 'Kwenu hakuna kuku?' Huyo bundi alimsikia saa ngapi?"

Kisha kitanda kikalia. Nyanya alikuwa ameketi.

"Yaani hakulia?"

"Hakulia, Shosho. Nisamehe."

"Na mimi nimegawa shali langu!" Sauti ilikuwa imerudi, ile ya kutisha mbuzi. "Rudisheni shali! Leteni maji! Mtoto huyu alitaka kunizika kwa sababu ya runinga!"

Alimeza dawa papo hapo, na Ijumaa alipanda boda boda kwenda kliniki akimgombeza dereva njia nzima. Muuguzi alikuta presha imepanda, akasema ni vizuri hakuchelewa zaidi. Baba naye hakusema mengi: hakuna kwenda kwa akina Joan mpaka Wangare alee vifaranga watatu wawe kuku.

Jioni hiyo nyanya alimwita Wangare. "Bundi nimemwogopa tangu utotoni. Lakini yeye hajawahi kuninyima dawa. Ni wewe uliyeninyima. Ukikosa, sema nimekosa. Utachapwa, utalia, yataisha. Ukidanganya, hujui uongo wako utakwenda kulala nyumba ya nani."

"Nimesikia, Shosho."

Wangare alitoka kufunga kizimba. Mara, juu ya mkalitusi, bundi wa kweli akalia. Mkono wake ukaganda kwenye komeo.

"Lia tu!" nyanya alipaza sauti kutoka ndani. "Dawa nimemeza! Shika panya uende zako!"

Wangare alicheka, akasukuma komeo mpaka mwisho, kisha akalivuta kuhakikisha limeshika.