Doa la Uso Halifuliwi

Wateja walimwita Mama Pasi. Jina lake la nyumbani wengi hawakulijua, wala hawakuliuliza. Walichojua ni kwamba shati likipita mikononi mwake linatoka limenyooka kama karatasi mpya.

Alifanya kazi kwenye chumba cha dobi chenye mashine tatu za kufulia. Tangu asubuhi alisimama kwenye meza yake, pasi ya mvuke mkononi, dirisha kubwa kushotoni. Mtoto wake wa mwisho, Bonge, alikuwa mgongoni au ndani ya kapu la nguo safi. Bonge alikuwa na miezi saba na mashavu ambayo kila mteja alitaka kuyafinya.

Kazi nyingine ya Mama Pasi ilikuwa kutoa madoa. Wino, kutu, damu, mafuta ya baiskeli, yote aliyajua tabia.

"Niletee, usilie," aliwaambia wateja. "Lisipotoka kwa sabuni, litatoka kwa dawa ya kutakatisha. Likibisha, naongeza."

Likibisha, naongeza. Kwa nguo, sawa. Ubaya ni kwamba alikuja kuyapeleka maneno hayo mahali pasipo pake.

Madoa yake mwenyewe yalianza akiwa na mimba ya Bonge. Rangi ya kahawia iliyokolea ilijitokeza kwenye mashavu yote mawili. Ikapanda kwenye paji la uso. Ikakaa juu ya mdomo kama masharubu. Watu walimwambia, "Ukijifungua yataondoka." Akajifungua. Madoa yakabaki palepale, kama wageni wasiojua kuaga.

Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumchoma.

"Hebu sogea mwangani, wifi," alisema siku moja alipokuja kuchukua nguo zake. "Mbona uso umekuwa ramani?"

"Ni mimba tu, wifi."

"Mimba ipi? Si mtoto ndiye huyu anakula kona ya shuka? Jipende, bwana! Kaka yangu ana macho."

"Kwani amesema kitu?"

"Mwanaume akianza kusema ujue umechelewa."

Wifi akacheka. Mfuaji aliyekuwa kwenye mashine naye akacheka. Mama Pasi pia akacheka, maana ungefanyaje? Lakini jioni hiyo alikaa mbele ya kioo mpaka maharage yakaungua. Mumewe aliyala yakiwa yameungua, akafuta mdomo, hakusema neno. Kwa kawaida alikuwa mtu mkimya. Siku ile ukimya wake ulimuuma mkewe kuliko maneno ya wifi.

Kesho yake akaenda saluni ya Mama Ng'ara.

Ile saluni ilikuwa na viti viwili, vioo vinne na pazia zito upande wa nyuma. Mama Ng'ara aliingia nyuma ya pazia na kutoka na kikopo cheupe. Hakikuwa na jina. Hakikuwa na tarehe. Hakikuwa na lebo hata ya kusingizia.

"Ina nini ndani?" Mama Pasi aliuliza.

"Mpenzi, mteja akikuletea shati anakuuliza umelifua kwa sabuni gani? Si anataka shati lake tu? Na wewe chukua uso wako."

"Mimi nanyonyesha."

"Kwani unapaka ziwa? Paka usoni, asubuhi na jioni. Ikikuwasha, furahi. Ujue inakula doa."

Mama Pasi akalielewa jambo hilo upesi mno. Dawa ya kutakatisha nayo huchoma, nayo hupiga pua, kisha nguo hutoka nyeupe. Akaona mwenzake anaijua kazi. Akalipa, akaondoka na kikopo chake.

Wiki ya tatu uso uling'aa. Wifi alikuja akapiga vigelegele pale mlangoni kwa dobi. "Sasa huyo ndiye wifi yangu!" Wateja wawili waliuliza siri ni nini. Mama Pasi akawaelekeza kwa Mama Ng'ara, kwa mdomo wake mwenyewe. Jambo hilo lilimtesa sana baadaye.

Wiki ya sita mambo yaligeuka. Ngozi ya mashavu ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Vipele vikamtoka kidevuni. Jua la dirishani likimgusa, alisikia kama amemwagiwa pilipili. Na yale madoa yalirudi, meusi kuliko ya mwanzo.

Yeye akafanya nini? Alifanya alivyozoea. Doa limebisha, akaongeza. Alipaka mara tatu kwa siku. Alisugua kwa sifongo ngumu hadi uso ukavimba. Uso ukawasha, naye akajiambia, "Inakula doa." Kilichokuwa kikiliwa ni ngozi yake.

Kisha shavu la Bonge likaanza.

Lilikuwa shavu moja tu, la kulia. Lilianza kwa wekundu, likawa na vipele, likakwaruza kama msasa. Mtoto aliyekuwa akicheka na kila mtu akawa analia akishikwa. Mama Pasi alimpaka mafuta ya mtoto. Alibadilisha sabuni. Alimlaumu mumewe kwa ndevu zake, hadi yule bwana akanyoa bila kubisha. Shavu halikupona. Siku ya nne akambeba mtoto mpaka kliniki.

Muuguzi aliyewapokea alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyoshikwa na plasta. Aliligusa shavu la kulia, akaligusa la kushoto.

"Upande mmoja tu," alisema. "Mama, hebu mbebe mwanao kama unavyombeba akiwa na usingizi."

Mama Pasi akamwinua. Kama kawaida yake Bonge akajilaza, shavu lake la kulia likabanwa kwenye shavu la mama yake.

Muuguzi akamtazama mama usoni.

"Unapaka nini usoni?"

Mama Pasi aligusa shavu lake. Aliyatazama mashavu yale mawili, lake na la mwanawe, yaliyokuwa yamegusana kila siku kwa zaidi ya wiki sita. Akamng'oa mtoto pale begani kama mtu anayemtoa motoni.

"Mkorogo," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna mama anachanganya."

"Unao hapo?"

Alikitoa kikopo kwenye mkoba. Muuguzi alikigeuzageuza, akakirudisha mezani kwa kishindo.

"Hasira yangu si juu yako, mama. Ni juu ya anayewauzia watu kitu kisicho na jina. Keti nikueleze. Madoa yako yanaitwa madoa ya mimba. Mimba huamsha rangi ya ngozi, na jua huichochea. Dawa za uzazi wa mpango zinaweza kuyaleta pia. Hata joto lina mchango. Wewe unafanya kazi gani?"

"Napiga pasi. Ya mvuke. Karibu na dirisha."

"Basi! Jua upande mmoja, mvuke upande mwingine, kutwa nzima."

"Lakini dada, nguo ikiwa na doa nikisugua linatoka."

"Nguo haina uhai. Haijitetei. Ngozi ukiiumiza inajitetea, na namna mojawapo ni kutoa rangi zaidi. Ndiyo maana ulivyozidi kusugua ukazidi kuwa mweusi. Na mikorogo hii mara nyingi ina zebaki, au steroidi, dawa kali za hospitali, au vyote pamoja. Steroidi inang'arisha kwa wiki chache, kisha inakondesha ngozi. Zebaki ni sumu. Inapita kwenye ngozi inaingia mwilini, inaharibu figo na mishipa ya fahamu. Na inahama kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kwa kugusana tu."

Mama Pasi akamtazama Bonge. "Nimemuua mwanangu?"

"Mtoto huyu anavuta miwani yangu, hajafa. Tutawapima mkojo na damu, nyote wawili. Krimu hiyo unaacha leo. Uso unaweza kuvimba na kuwaka baada ya kuacha, na wengi hapo ndipo hurudi kwenye kikopo. Wewe urudi hapa kwa daktari. Kuhusu kunyonyesha, usiache wala usiendelee kwa kubahatisha. Daktari atakwambia. Na foronya, taulo, nguo za mtoto zilizogusana na hiyo krimu, zitie kwenye mfuko wa plastiki, funga, ulete. Usizifue."

"Nisizifue?"

"Usizifue. Hasa pale kazini, pamoja na nguo za watu."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, mtu alimkataza Mama Pasi kufua.

Alitoka kliniki machozi yakiwa yamekauka. Hakwenda nyumbani. Alikwenda saluni, Bonge akiwa kiunoni, akawapita wanawake watatu waliokuwa wakisubiri, akalivuta pazia.

Mama Ng'ara alikuwa ameinama juu ya ndoo, akikoroga kwa mwiko. Mikononi alikuwa amevaa glavu nene za mpira, zimefika kwenye viwiko.

Mama Pasi alizijua glavu zile. Kazini kwao kila mtu alizivaa akishika dawa ya kutakatisha. Hakuna aliyezivaa kwa kushika mafuta ya kujipaka.

"Hizo glavu za nini?" aliuliza.

"He! Unaingia tu kama kwako? Toka, wewe."

"Nitatoka. Nijibu kwanza. Glavu za nini?"

"Usafi."

"Usafi wa kufika kwenye viwiko? Basi zivue. Chota hapo kidogo, ujipake shavuni. Mbele yetu sote."

Wale wanawake watatu walikuwa wamesimama. Mmoja alinyoosha shingo kutazama ndani ya ndoo.

"Mimi ngozi yangu haina madoa," alisema Mama Ng'ara.

"Ya mwanangu nayo haikuwa na madoa!" Mama Pasi aligeuza shavu la mtoto kuelekea mwangani. "Tazama. Miezi tisa. Nilikwambia nanyonyesha, ukanicheka. Wewe unajilinda mpaka kwenye viwiko, sisi unatwambia tukiwashwa tufurahi!"

Bonge akaanza kulia. Hakuna aliyemnyamazisha. Mwanamke mmoja aliweka kikopo chake juu ya kiti, taratibu, akatoka. Wa pili akamfuata. Wa tatu alibaki akimtazama Mama Ng'ara, akimsubiri azivue zile glavu. Hakuzivua.

Kliniki ilipeleka kikopo kupimwa. Kilikuwa na zebaki na steroidi. Maofisa wa afya walikuja wakabeba ndoo na kufunga saluni. Mama Pasi hakwenda kutazama. Alikuwa akiwatafuta wale wateja wawili aliowaelekeza. Mmoja alimshukuru. Wa pili alimtukana, naye akayapokea matusi yale.

Vipimo vya Bonge vilikuja vizuri. Vya mama yake vilirudiwa mara mbili, na kila mara sumu ilikuwa imepungua. Shavu la mtoto lilipona mapema. Uso wa mama ulivimba kweli, ukawaka, akaenda kwa daktari mara nne. Ulipotulia ndipo tiba ya madoa ilipoanza. Alipewa krimu yenye jina, tarehe na maelezo. Alipewa losheni ya kukinga jua yenye rangi kidogo, ya kupaka kila asubuhi na kurudia mchana. Kazini meza ilihamishwa mbali na dirisha, na feni ndogo ikasukuma mvuke upande mwingine. Akitoka nje, alivaa kofia pana.

"Kama mlinzi wa shamba," mumewe alitania.

"Cheka tu. Siku ile ya maharage ulipaswa kusema, ukanyamaza."

"Kusema nini?"

"Kwamba uso wangu hauna kosa."

Yule bwana alikuna kidevu. "Hauna kosa," alisema. "Nilidhani unajua."

"Sikujua. Useme."

Mwezi wa nne wa tiba madoa yalikuwa yamefifia nusu. Daktari alimweleza wazi kwamba huenda yasiishe yote, na kwamba jua likipewa nafasi yatarudi. Mama Pasi akakubali. Uso ulikuwa hauwashi tena, na Bonge alikuwa amerudi kulala begani mwake.

Asubuhi moja wifi aliingia kwa dobi bila mzigo wa nguo. Mtandio ulimfunika hadi chini ya macho.

"Saluni imefungwa, na akiba yangu imeisha," alisema. "Nimeacha kupaka siku kumi. Wifi, nawaka."

"Ulipaka muda gani?"

"Miaka miwili."

Mama Pasi alikuwa na maneno mengi. Aliyahifadhi kwa miezi, ameyapiga pasi, ameyakunja. Alipouona uso ule umefichwa nyuma ya mtandio, akayaacha. Akazima pasi, akamwinua Bonge kutoka kapuni.

"Twende kliniki. Ukichelewa unakuta foleni imefika barabarani. Toa huo mtandio, unaukwaruza uso."

"Watu wataniangalia."

"Wakuangalie," alisema Mama Pasi, akifungua mlango. "Tena wenye vikopo nyumbani wakuangalie vizuri."