Nyumba Nyeupe Tuliyoipita Mara Tatu

Nyumbani kwetu Kalembe nilikuwa na kazi mbili kila jioni. Ya kwanza ilikuwa kuchagua maharage ya kupika. Ya pili ilikuwa kubeba maneno kati ya baba yangu, niliyemwita Papa, na Tate Nyiramana, mama ya mama yangu, aliyeishi nyumba ya pili kutoka kwetu. Tate alikuwa mkwe wa Papa, na kwetu mkwe anaheshimiwa sana. Papa akiingia, Tate hugeuza kigoda chake, hujifunika bega kwa kitenge na kuniambia, "Mwambie baba yako mvua inakuja." Papa ameketi hatua tatu tu kutoka hapo, amesikia kila neno, lakini hungoja niseme. Kisha hunituma nimjibu Mama, ndivyo alivyomwita Tate, kwamba mawingu ameyaona. Msinicheke. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na kazi hiyo ilinifanya nijione mtu mkubwa.

Papa, jina lake Marcellin, alikuwa dereva wa Papa Katembo, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyekuwa na duka huko Mweso. Katika likizo ya Agosti 1968, Papa Katembo alimtuma Kampala, nchi ya Uganda, kuchukua vitambaa. Macho ya Tate yalikuwa yameanza kufifia, na kwa miaka mingi alisema kwamba kabla hayajazimika kabisa anataka kuliona kanisa kubwa la Rubaga. Basi Papa akaomba ruhusa, akatupakia mbele ya lori, mimi katikati kama ukuta. Tulisafiri siku mbili. Huko Kampala tulilala kwa rafiki ya Papa Katembo, na asubuhi mama mwenye nyumba akamnywesha Tate vikombe vinne vya chai ya maziwa.

Siku ya kutembea ilikuwa hiyo moja tu. Saa kumi lori lingekuwa limejaa na sisi tungeanza safari ya kurudi. Kwanza Papa alikuwa na karatasi za kupeleka madukani, ndipo tungepanda kilima cha Rubaga.

Nawaambia kweli, siku ile nilisahau kufunga mdomo. Niliona nyumba zilizopandana moja juu ya nyingine mpaka shingo ikaniuma. Niliona taa iliyosimama peke yake njiani, ikiwaka nyekundu magari yote yanatii, hata yale makubwa, wala hakukuwa na mtu aliyeyashika. Tate alishika mkono wangu kwa nguvu. Aliniuliza ni nani anayeiwasha taa ile, nikamjibu kwamba sijui, akasema basi watu wa huku wana adabu kuliko sisi, kwa kuwa wanatii hata kisichosema.

Kando ya bustani ya maua tulikuta nyumba ndogo nyeupe. Kuta zake zilikuwa za vigae vinavyong'aa, safi kuliko sahani. Ilikuwa na milango miwili, na mzee mwenye sare ya kaki alikuwa akifagia mbele yake. Juu ya milango paliandikwa Kiingereza, nami shuleni nilisoma Kifaransa. Tate aliitazama kwa heshima, akafanya ishara ya msalaba. Mwanamume alikuwa ameingia mlango wa kushoto, mwanamke wa kulia, kama watu wanavyokaa kanisani kwetu, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Tukaamini kwamba ni kikanisa.

Hatukufika mbali Tate akanivuta sikio.

"Mutoto wangu, ile chai imenibana," alininong'oneza. "Tafuta mahali. Lakini usimwambie baba yako. Haya itaniua."

Mahali gani? Kwetu kuna migomba, na ukiingia kati yake hakuna anayekuuliza. Hapa majani yalikuwa yamekatwa mafupi, maua yamezungushiwa mnyororo, na polisi amesimama. Papa alipoingia duka la kwanza, nilimwendea mama mmoja muuza ndizi nikamuuliza polepole. Hakujua Kiswahili. Alinijibu kwa Kiganda, akacheka vizuri, akanipa ndizi. Nikarudi kwa Tate na ndizi mkononi na aibu usoni.

Papa naye siku ile sikumwelewa. Alitoka duka la kwanza akatupitisha tena mbele ya ile nyumba nyeupe, ingawa niliona njia fupi. Alipunguza mwendo, akakohoa, akaniuliza kama nimeiona vizuri. Nikamjibu kwamba ni nzuri. Baada ya duka la pili akaturudisha palepale, mara ya tatu. Safari hii alisimama kabisa, akajipangusa jasho, akaanza kuvisifu vigae kwa maneno mengi mpaka nikachoka. Nilikasirika. Nilijiambia kwamba Papa anatuzungusha kama kuku aliyefungwa mguu, na Tate anateseka.

Jua lilikuwa kali. Papa alinipa chupa ya maji nimpelekee Mama. Tate akakataa. Alikataa mara ya pili, na mara ya tatu akaisukuma chupa. Aliogopa kuongeza maji juu ya maji. Ilipofika saa saba midomo yake ilikuwa imekauka, akaketi kwenye ukingo wa barabara, mikono yake baridi na jasho likimtoka.

"Mwambie baba yako turudi kwenye lori," alisema. "Rubaga nitaiona mbinguni."

Maneno hayo yalinichoma. Minara miwili ya kanisa ilikuwa inaonekana kule juu ya kilima, na yeye alikuwa akiigeuzia mgongo. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Nilimtazama, nikaona kwamba nikiitunza ahadi nitampoteza Tate mwenyewe. Nikamwendea Papa aliyesimama mbali kidogo, akiwa ametupa mgongo kwa heshima.

"Papa, Tate si mgonjwa," nilisema. "Amebanwa na haja tangu asubuhi. Amekataa kunywa kwa sababu hiyo. Alinikataza kukwambia."

Papa aliitazama barabara. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi pia, tangu saa nne. Ile nyumba nyeupe njo iko choo cha watu wote. Nilikupitisha pale mara tatu nikingoja uniulize. Ningeitajaje mbele ya mama mukwe? Na ningeingiaje, naye akiniona?"

Sikujua nicheke au nilie. Watu wazima wawili, kila mmoja akiteseka kwa ajili ya heshima ya mwenzake, na mimi katikati nikila ndizi. Nilimshika Tate mkono, nikamwambia kanisa lile si kanisa, twende. Yule mzee wa kaki alituonyesha mlango wa kulia bila kuuliza neno.

Ndani palikuwa baridi na hapakunuka kitu isipokuwa sabuni. Tate alipomaliza nilimwonyesha mnyororo uliokuwa ukining'inia, kwa kuwa nilimwona mwanamke mwingine akiuvuta. Akauvuta. Maji yakanguruma ukutani kama mto Mweso wakati wa mvua, yakachukua kila kitu, kisha pakawa kimya. Tate alisimama akisikiliza. Aliniuliza maji yanakwenda wapi, nani aliyeyapandisha huko juu, na kama mtu yeyote, hata mgeni, hata maskini, anaruhusiwa kuingia humu. Nilipomwambia ndiyo, macho yake yalilowa. Alisema mji uliowafikiria hata wapita njia waliobanwa ni mji wa watu wenye huruma.

Tulipotoka, Papa alikuwa akitoka mlango wa kushoto. Walikutana uso kwa uso. Papa akainamisha kichwa. Nilingoja Tate ageuke, anitume. Hakugeuka.

"Baba Emérence," alimwambia yeye mwenyewe, akimwita kwa jina langu, "nipe yale maji."

Papa alimpa chupa kwa mikono miwili. Tate aliinywa yote.

Tulipanda Rubaga polepole. Ndani ya kanisa nguzo zilikwenda juu mpaka macho ya Tate yakashindwa kuona mwisho wake, akaniomba nimwambie zinafika wapi. Nami pia nilishindwa. Tulikaa kwenye benchi, yeye mwanzoni, mimi katikati, Papa mwishoni.

"Leo nilikukataza kusema ukweli, na ukasema," Tate aliniambia hatimaye, kwa sauti ambayo Papa aliisikia. "Ulifanya vizuri. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mkwe nitamheshimu mpaka nife, lakini tumbo halijui mkwe. Mtu akibanwa, aulize. Akiwa na kiu, anywe. Kuuliza choo kiko wapi si kukosa adabu. Kukosa adabu ni kuutesa mwili aliotupa Mungu, halafu kusema ni heshima."

Papa aliitikia kwa kichwa. Saa kumi bado ilikuwa mbali, na Tate akasema tuendelee kukaa.