Usiachie Breki

Gari bovu na wifi mwenye maneno: ukipewa vyote viwili jioni moja, ujue una kesi na Muumba wako.

Mshonaji alikuwa navyo vyote. Pikapu aliachiwa na marehemu mumewe, na pamoja na pikapu akaachiwa dada wa marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kasuku, na haukumwonea. Walikuwa wametoka kupeleka mapazia ya hospitali, wakarudi kwa njia ya mkato, ile ya changarawe inayoteremka katikati ya kingo mbili za udongo. Kushoto ukuta, kulia mtaro. Jua lilikuwa limebakiza ukucha.

Pu! Gari likaanza kuchechemea.

"Hiyo pancha," alisema Kasuku.

"Ahsante, daktari."

"Nilikwambia tupite barabara kubwa."

"Tangu asubuhi umeniambia mambo mpaka masikio yameota sugu. Ningeshika lipi?"

Mshonaji akashuka. Gurudumu la nyuma, upande wa mtaro, lilikuwa limelala kama mbwa aliyeshiba. Hakuhitaji mwanamume. Marehemu alikuwa dereva wa lori, na alimfundisha kubadili gurudumu kabla hajamfundisha kuendesha. Tafuta tambarare. Vuta breki ya mkono. Zuia gurudumu zima kwa jiwe. Legeza nati kabla gari halijanyanyuka. Na hata uitwe na mama yako mzazi, usiingize mwili chini ya gari lililosimama juu ya jeki.

Tambarare haikuwepo. Breki ya mkono ilikuwa imechoka kuliko mwenye gari. Akatafuta jiwe, akaligandamiza mbele ya gurudumu la mbele, akalegeza nati, akapiga jeki. Gurudumu bovu akalitoa na kulilaza chini ya ubavu wa gari, ili gari likidondoka lidondokee mpira na si mtu.

Hapo jiwe likapasuka. Lilikuwa udongo mkavu, jiwe kwa jina tu. Gari likasogea, unywele tu. Jeki ikalia.

Mtu mwenye akili angekaa kando akaliacha lianguke. Lakini nyumba ile ilikuwa na mazoea yake. Marehemu alipokuwa akitengeneza lori lake uani, alimpandisha mkewe au dada yake kwenye usukani. Yeye huko chini huita, "Kanyaga!" Aliye juu hujibu, "Nimeshika!" Akishajibu, haachii, hata nyumba iungue, mpaka aliye chini mwenyewe aseme, "Achia." Wanawake wale wawili hawakuwa na dini waliyoishika kuliko hiyo.

"Ingia ukanyage breki!" Mshonaji alipiga kelele. "Nakwenda kutafuta jiwe lenye adabu!"

"Ndani ya gari lililoinuliwa? Unataka kurithi nini kwangu, sahani?" Lakini aliingia. "Haya, nimeshika!"

Mshonaji akapanda mteremko. Hakwenda mbali. Alipata jiwe jeusi, zito, akalibeba kiunoni kama mtoto, akarudi akihema.

Akasimama.

Chini ya gari, upande wa mtaro, miguu miwili ilikuwa imetokeza. Suruali ya kazi. Viatu vilivyoliwa soli. Na huko ndani spana ilikuwa inagonga chuma, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Ko... ko... ko...

"Baba, toka huko!" alisema. Alidhani ni mpita njia mwenye huruma na akili chache. "Jeki hiyo si ya kuaminiwa!"

Ko...

Akaliweka jiwe mahali pake, akaligandamiza kwa kisigino, kisha akainama kuchungulia.

Ardhi tupu.

Akasimama. Miguu ipo pale pale.

Akainama tena. Changarawe, gurudumu bovu, na harufu. Mpira uliochomwa, na udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa leo. Spana yake, aliyoiacha juu ya nyasi, haikuwepo.

Alikwenda dirishani akiburuta nyayo.

"Wifi," alinong'ona. "Nani yuko chini?"

"Nani tena? Si wewe? Si umeniambia nishikilie hivyo hivyo?"

"Mimi nilikuwa kule juu, natafuta jiwe."

Kasuku akaukumbatia usukani kwa mikono miwili.

Kisha sauti ikatoka chini ya viti. Ya mwanamume. Imechoka, ina upole.

"Usiachie... bado kidogo."

Huko porini hakuna mdudu aliyelia. Mshonaji alitazama magharibi. Ule ukucha wa jua ulikuwa pale pale ulipokuwa gari lilipopata pancha. Haukuwa umezama hata chembe.

"Nimeweka jiwe," alisema. "Gari haliendi popote. Achia, ushuke."

"Siwezi."

"Acha mchezo."

"Mguu haunisikii!" Machozi yalikuwa yanamteremka Kasuku bila sauti, na huyo ni mtu ambaye hulia mpaka majirani wazime redio. "Kuna baridi. Imeanzia kwenye pedali. Ilikuwa kwenye kifundo, sasa imepita goti."

Mshonaji akafungua mlango, akashika ule mguu kwa mikono miwili akavuta. Ulikuwa baridi kama bomba la maji alfajiri. Ungevuta nguzo ya umeme ukafaulu zaidi.

"Bado kidogo," ilisema sauti.

Ko... ko...

"Imefika pajani," alisema Kasuku. "Mke wa kaka yangu... ikifika kifuani itakuwaje?"

Hilo halikuwa swali la kujibiwa. Mshonaji alisimama pale mtaroni, mikono yake inanuka mpira, akafikiri. Aliye juu humtii aliye chini. Ndivyo walivyolelewa. Na huyu wa chini hakuwa na nia ya kusema neno lile, leo wala kesho. Labda aliwahi kumtegemea mtu aliyekuwa juu asiachie, na mtu huyo akaachia. Labda. Hakumwuliza.

Basi lazima awepo mwingine chini.

Akavua kilemba, akakitandika juu ya changarawe, akalala chali. Akajisukuma kwa visigino, kichwa, mabega, kifua, mpaka chuma kikawa mbele ya pua yake. Hakuona mtu. Lakini bega lake la kushoto liligusana na bega. Lilikuwa limelowa. Na pumzi ikampiga shavuni, fupi fupi, kama ya mtu aliyelaliwa na mzigo.

Hakugeuza shingo. Hata wewe usingegeuza.

"Achia!" aliita.

Halafu sikioni pake kabisa, kwa sauti yake yeye mwenyewe, na ule mkwaruzo wake wa koo, kitu kikaita, "Usiachie, wifi! Bado kidogo!"

"Mko wawili!" Kasuku alipiga yowe. "Nimwamini nani? Imefika kiunoni! Nimsikie nani?"

"Mimi!" alisema Mshonaji.

"Mimi!" alisema yule.

Pumzi ile ikamsogelea. Ikaanza kucheka kidogo. Mshonaji alifumba macho, akaenda kuchota mahali ambapo pepo hana ufunguo.

"Nani alimwambia kaka yako, siku ya harusi yangu, mbele ya wapishi, kwamba ameoa bata?"

"Mimi!" alijibu Kasuku, analia. "Na mpaka leo unatembea kama bata!"

"Basi bata anasema achia, mshenzi wewe!"

Tap. Pedali ikaruka.

Gari likasogea na kushuka, likazuiwa na jiwe, likatulia kidole kimoja kutoka puani mwake. Na giza likaanguka lote kwa mkupuo, kana kwamba lilikuwa limezuiwa na mguu ule ule.

Alipojivuta nje, gurudumu la spea lilikuwa limekwishafungwa. Nati zote. Yeye hakulifunga. Hakuna aliyetaja jambo hilo mpaka nyumbani.

Asubuhi walimpelekea fundi wa pancha lile gurudumu. Alilizamisha kwenye beseni, akatafuta mapovu, hakupata. "Zima hili," alisema. Msumari hapana, valvu nzuri. Walipomtajia ile njia ya mkato, aliacha kujifuta mikono.

"Pale kwenye mteremko? Husemwa kuna utingo, msaidizi wa dereva, alilaliwa na lori. Tajiri wake ndiye aliyekuwa amekanyaga breki. Akapigiwa simu, akashuka."

"Aliyepiga simu nani?" aliuliza Kasuku.

"Sijui, mama. Wengine husema hapakuwa na utingo wowote, mahali penyewe tu ndipo pabaya."

Mshonaji alimwomba akaze na breki ya mkono, maana ameapa asikwame tena. Fundi akaweka magogo, akateleza chini ya pikapu mpaka ikabaki miguu. Kasuku alikuwa mbali, kwenye benchi karibu na ukuta, anapuliza chai. Garini hapakuwa na mtu. Milango ilikuwa wazi.

"Mtu anikanyagie breki!" fundi aliita kutoka chini.

Kwenye benchi, mguu wa kulia wa Kasuku ukashuka wenyewe, ukagandamiza sakafu.

Taa za breki za pikapu zikawaka.

"Vizuri!" alisema fundi. "Shikilia hivyo hivyo!"

Mshonaji alizitazama taa, akamtazama wifi yake. Chai ilikuwa inammwagikia mapajani, lakini Kasuku hakuthubutu hata kusogea.

"Wifi," alinong'ona. "Imeanza tena kwenye kifundo."

Na fundi huko chini, akipiga mluzi, alikuwa bado hajamaliza.