Pipa la Gliserini

Jumamosi, tarehe 14 Julai 2091, saa tatu na dakika kumi asubuhi, upepo mkavu wa kiangazi ukipeperusha vumbi jekundu la Kigoma, Kitenguzi, mtambo wa Mhandisi Rusimbi, kilikuwa kazini bila kupumzika. Kilipitisha umeme wa jua katika gliserini, masalio ya viwanda vya dizeli ya mawese, kikaitengua kuwa asidi ya kugandishia utomvu wa mpira, huku hidrojeni ikitoka upande wa pili. Mataifa mengine yalifanya kazi hiyo kwa platini, metali ya bei ghali. Mhandisi Rusimbi alitumia mabamba ya nikeli na shaba, metali za watu wa kawaida, wala hakumwomba mtu radhi. Ilibaki siku moja tu ya kuthibitisha kwamba mabamba yake hayaliki upesi. Kisha angepewa cheti cha ubora.

Mlangoni akatokea Bi Tabu Kasongo, kiongozi wa wanawake wapika sabuni na marhamu wa Ujiji.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umenenepa, Mhandisi! Mtambo unakulisha vizuri.”

“Unanilisha, mama.”

“Sisi unatukausha. Tangu usifiwe, viwanda vyote vinakuwekea wewe gliserini. Marhamu ya wodi ya walioungua tuichanganye na nini? Mate?”

Rusimbi akaligeukia pipa la mwisho kando ya mtambo. Miaka mitatu nyuma, viwanda vilipomcheka, wanawake hao ndio waliompa pipa la gliserini la majaribio. Naye aliahidi kulirudisha siku watakayolihitaji.

“Tunalihitaji leo,” alisema Bi Tabu.

Nestory, msaidizi wa Rusimbi, akamvuta bosi wake kando. “Mzee, pipa lililobaki ndilo la kutufikisha kesho. Tukilitoa, mtambo unazimika, jaribio linaanza upya. Mwambie asubiri shehena ya Jumatatu.”

“Na walioungua, nao wasubiri Jumatatu?”

“Cheti, mzee!”

“Mabamba yangu ni mazima. Yatarudia jaribio hata mara mbili, na yatashinda. Funga vali.”

Nestory aliguna, akafunga. Mvumo ukafifia, mshale wa umeme ukalala kwenye sifuri. Rusimbi mwenyewe akakunja mikono ya shati, akalibingirisha pipa hadi kwenye mkokoteni.

Bi Tabu akaligonga kwa kiganja, juu hadi chini, akisikiliza.

“Limejaa.”

“Limejaa, mama.”

“Basi hatudaiani.”