Tone la Damu la Ekal

Wananchi wote wa Kakuma wanatangaziwa kwamba mimi, Ekal, mwanasayansi mkuu wa ukoo wetu, nimerejea likizo kutoka shule ya bweni. Mama alilisikia tangazo hilo. Akanipa mtungi nikachimbe maji kwenye mchanga wa mto mkavu.

Mwaka huo wa 1979, tumbo la dada yangu Nakiru lilikuwa limevimba. Majirani walisema ana mimba. Nakiru alikana, akalia. Mama akatia chuma motoni ili amchome tumbo, kama tiba ya kienyeji.

"Ejok, mama. Acha chuma kwanza," alitusalimu kwa Kiturkana Jerusha, mpimaji wa damu aliyefika kutoka Lodwar. "Huenda ni uvimbe wa minyoo ya mbwa. Nitapima damu ya nyumba nzima."

Wakati huo mbwa wetu alikuwa akimlamba mdogo wetu mchanga matakoni ili kumsafisha.

"Huyo ni yaya wetu," alisema Mama.

"Yaya wenu hula mapafu mabichi ya mbuzi na kupata minyoo. Akimlamba mtoto, humwachia mayai ya minyoo hiyo."

"Na damu itakuambia nini, binti?"

"Chembe nyeupe za damu humtambua mdudu aliyeingia mwilini. Hutengeneza protini ya kumshika huyo tu. Katika maabara ya Nairobi tutaiwekea damu ya Nakiru vipande vya mdudu huyo, kisha dawa. Protini ikivishika, dawa itageuka rangi."

"Na utajua bila kumpasua?"

"Bila kumpasua."

Kila mtu akatoa kidole, tone likadondoshwa kwenye karatasi.

"Mimi nitajidunga mwenyewe," nilisema. "Tulisoma haya shuleni."

Nikaenda nyuma ya nyumba, kilipokuwa kibuyu cha damu ya mbuzi tuliyoitoa asubuhi kwa kunywa. Nikarudi na karatasi nyekundu sana.

Huko Nairobi, dawa ya Nakiru iligeuka rangi. Alipasuliwa Lodwar, wakamtoa mfuko wa maji mkubwa kuliko kibuyu. Majirani waliacha kutaja mimba. Mama alimfukuza mbwa kazi ya uyaya. Sasa humwosha mtoto kwa maji, na mapafu yenye uvimbe huyachoma moto.

Jerusha ndiye aliyemrudisha Nakiru nyumbani, akitembea wima.

"Jibu la Ekal limechelewa," alisema. "Ilibidi damu yake ipimwe tena. Protini za mtu si sawa na za mnyama. Mama, mwanao ni mbuzi."

Nakiru alicheka huku ameshika mshono wake. Mama hakucheka.

"Mbwa yule alikulea wewe pia," alisema. "Huenda nawe una minyoo."

"Niliogopa sindano," nikakiri. "Ilikuwa damu ya kibuyuni."

Nikanyoosha kidole, nikafumba macho. Nakiru akanishika mkono.

"Mee," akaninong'oneza.