Uzito wa Ndege Tupu

"Dola laki tisa, shemeji! Unataka kuziua dola laki tisa kwa ajili ya kilo sitini?"

"Sitini na mbili," fundi alijibu. "Na punguza sauti, mimi si kiziwi."

Dalali, mdogo wa mkewe, alijifuta jasho. Mnunuzi alikuwa njiani. Kijeti cha mtumba cha viti sita, mali ya tajiri aliyefariki, kilikuwa bandani juu ya mizani tatu, kila gurudumu na yake. Ndege tupu ina uzito wake, umeandikwa kwenye makaratasi yake. Hii ilizidi kwa kilo sitini na mbili. Fundi alikwisha kung'oa viti, zulia, hata birika la kahawa, akavipanga sakafuni kando ya ndege. Mgongo ulikuwa unamwaka moto. Alivitoa kwenye hesabu, lakini zile kilo za ziada hazikupungua hata moja.

"Andika ule wa zamani, uturehemu! Nyumba ya mama nimeiweka rehani kwa biashara hii. Mama mkwe wako alale wapi?"

Hapo fundi akapandwa na hasira.

"Sijawahi kusaini uongo, sianzi leo na mvi hizi! Mimi simdhulumu mtu. Mwenye haki yake kwenye ndege hii ajitokeze, nitampa mimi mwenyewe!"

Sauti yake ikagonga mabati, ikarudi. Kisha, ndani ya ndege isiyo na kiti hata kimoja, mkanda wa kiti ukafunguliwa: ta!

"Shemeji," dalali akanong'ona, "umemwacha nani ndani?"

"Mlango nimeufunga mimi."

Harufu ya udongo uliolowa mvua ikawafikia, na nje jua lilikuwa la kupasua mawe. Fundi akatazama mizani. Namba za nyuma zilikuwa zinashuka na za mbele zinapanda, taratibu, kama mzee anayejikokota kutoka mkiani kuja puani, akisimama kupumua, akiendelea, hata alipofika usawa wa mlango zikatulia, na mlango ukafunguka wenyewe, ngazi ikateremka, kidato cha kwanza kikabonyea, cha pili kikabonyea, cha tatu, wala hapakuwa na mguu.

Ukijumlisha vile vilivyo sakafuni, mizani ikasoma sawasawa na makaratasi.

"Imekaa sawa!" Dalali alicheka huku meno yakigongana. "Saini, shemeji, saini twende zetu!"

Fundi akajishika bega. Uchovu wake wa miaka thelathini aliujua kama ndala zake. Huu uliomkalia mabegani haukuwa wake. Pumzi baridi ikampiga kisogoni.

"Marehemu alinitoa kwetu nimtafutie mali," sauti ikasema, imechoka kuliko yeye. "Akaapa kunirudisha kwa ndege hii. Amekufa, hakunirudisha. Wewe umesema utanipa haki yangu."

"Baba, mimi fundi tu," akanong'ona. "Sina ndege. Hata kwenu sikujui."

"Unaongea na nani?" dalali aliuliza, akimsukumia kalamu. Gari la mnunuzi lilikuwa linaegeshwa nje.

Uzito ulioandikwa sasa ulikuwa wa kweli. Fundi akasaini. Mkono ulikuwa mzito hata kalamu ikatoboa karatasi.

"Umemaliza yao," sauti ikasema. "Sasa nirudishe kwetu."